Ng'ombe Si Jalala la Kiwanda

Msikilizaji, umesikia mara nyingi kwamba Marekani inachoma chakula ndani ya magari. Shutuma hiyo ina ukweli wake, ila haifiki mlango wa nyuma wa kiwanda. Mahindi yanayogeuzwa ethanoli ya kuchanganya na petroli hayateketei yote, maana kinacholiwa na hamira ni wanga tu. Takriban theluthi ya punje hutoka ikiwa ethanoli, theluthi huruka ikiwa gesi ya kaboni, na theluthi ya mwisho hubaki machicha: maganda, protini na mafuta.

Jimbo la Nebraska limejenga unenepeshaji wake wa ng'ombe juu ya machicha hayo. Viwanda na mazizi viko jirani, kwa hiyo malori huyabeba mabichi, karibu theluthi mbili ya uzito ikiwa maji. Kuyakausha kunakula gesi nyingi, na kuyaweka mabichi wakati wa joto ni kuyasubiri yaote ukungu ndani ya siku chache. Mwenye zizi la mbali analipia kusafirisha maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska mjini Lincoln wameyapima miaka mingi, na wamekuta kwamba kilo ya machicha mabichi, ukiondoa maji, hunenepesha kuliko kilo ya mahindi yaliyoparazwa. Wanga mwingi humjaza ng'ombe asidi tumboni hadi akasusa chakula. Machicha yameshaondolewa wanga huo.

Sasa fuata hesabu. Ukitoa theluthi mbili za punje, kilichobaki hukolea mara 3 hivi. Mahindi yenye protini asilimia 9 huacha machicha yenye karibu 27 au zaidi. Vizuri! Lakini fosforasi nayo hupanda, ndiyo maana wafugaji huongeza chokaa, la sivyo madume huzibwa mkojo na vijiwe. Salfa ikizidi, na kiwanda huongeza nyingine kupitia asidi ya salfa, ubongo huharibika: ng'ombe anapofuka, anasukuma kichwa kwenye ukuta. Na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi haifi kwa kuchachushwa wala kwa kuchemshwa. Nayo hukolea mara 3.

Yaliyotokea katika mji mdogo wa Mead, Nebraska, yananikera mpaka leo. Mwaka 2007 palizinduliwa kiwanda kilichopakana na zizi: samadi itoe gesi, gesi iendeshe mitambo, machicha yarudi kwa ng'ombe. Mpango mzuri kwenye karatasi, ukafilisika mwaka uleule. Baadaye pakaja AltEn, kampuni iliyoona mahindi ya kawaida ni ghali, ikapokea mbegu za kupanda zilizobaki, zikiwa zimepakwa dawa za kuua wadudu. Ethanoli ilitoka sawasawa. Machicha yakatoka na sumu, hayafai kulishwa mnyama, yakarundikana milima kwa milima yakinuka, hadi serikali ya jimbo ilipoagiza kiwanda kifungwe Februari 2021.

Huku kwetu wengi tunayajua machicha ya bia, hasa wafugaji wa maziwa wa pembezoni mwa miji. Na sumukuvu hatuhadithiwi: mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema mahindi yaliyooza yapelekwe tu kutengeneza spiriti, nauliza machicha yake yataliwa na nani. Marekani yenyewe inamruhusu ng'ombe wa nyama wa hatua ya mwisho ale chakula chenye aflatoksini, ndiyo sumukuvu hiyo, hadi sehemu 300 kwa bilioni. Wa maziwa, sehemu 20 tu, kwa sababu sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa. Mfugaji wetu anayekamua asubuhi na kuchinja dume Krismasi hununua gunia lile lile kwa wote wawili. Anayemuuzia amwambie ni nafaka gani iliingia kiwandani, na kipimo chake kilisoma ngapi.