Nyumba ya Kwanza ya Wamethodisti na Deni Lake



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya majengo ya makanisa ya Kimethodisti. Kwa kuwa chama chetu nacho kinawaza kujenga nyumba ya mikutano, nimechagua jengo moja tu, lililo la kwanza kuliko yote, liitwalo New Room, katika mji wa Bristol, Uingereza.

John Wesley aliweka jiwe la msingi mwezi wa Mei 1739, na mwaka 1748 nyumba ikapanuliwa. Haina fahari nyingi. Ina nguzo zisizo na nakshi, roshani za ndani, mimbara ya ngazi mbili, na juu ya dari kinara cha vioo chenye pande nane, kiletacho nuru ukumbini. Ghorofani mna vyumba walimolala wahubiri wasafiri. Katika nyumba hiyo hiyo watoto wa maskini walifundishwa, na wagonjwa wakapewa dawa.

Lakini deni la ujenzi lilibaki. Tarehe 15 Februari 1742 watu wakakutana kushauriana. Mmoja akatoa shauri kwamba kila mtu alipe peni moja kila juma. Mwingine akajibu kuwa wengi ni maskini, hawawezi. Ndipo yule wa kwanza akaomba apewe watu kumi na mmoja walio maskini kupita wote: atawaendea kila juma, na asiyeweza kutoa, atamlipia yeye mwenyewe. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo. Na viongozi hao, kwa kwenda kutafuta peni, wakaanza kujua hali ya kila mtu. Ndiyo asili ya madarasa ya Kanisa hilo, lililofika kwetu Ribe mwaka 1862.

Ndugu zangu, tumebishana sana juu ya mabati na mawe, na juu ya mwanachama asiyelipa ada, kwamba jina lake lifutwe. Nauliza: ni nani aliyekwenda kwake kumtazama?

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini hapana budi awepo mtu wa kukipitisha kibaba hicho nyumba kwa nyumba, na wa kumtilia asiye na kitu.