Neno kwa Simu, na Mtu wa Kulipeleka

Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi wa dayosisi kwenye semina ya wainjilisti, mashemasi na makatibu wa sharika. Imefupishwa kidogo.



Nimeombwa nizungumze juu ya "teknolojia ya habari na mawasiliano katika uinjilisti". Ndivyo barua ya mwaliko ilivyoandikwa, na kwa kichwa kikubwa namna hiyo mtu anaweza kusema saa nzima asiseme kitu. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nizungumze juu ya simu tu, hii hii iliyo mfukoni mwako, ambayo imeshalia mara tatu tangu tufungue kwa sala.

Mimi si mchungaji. Nilisomea maendeleo ya jamii, na kazi yangu mnaijua: visima, mbuzi wa maziwa, vikundi vya kuweka na kukopa. Jambo hili nililiingia kwa sababu ya mbuzi. Tulikuwa na orodha ya namba za simu za wanavikundi ili tuwataarifu siku ya chanjo na siku daktari wa mifugo anapopita. Mwinjilisti mmoja wa mtaa wa bondeni akaniambia, "Mama Mratibu, kama mbuzi wanatumiwa ujumbe, kondoo je?" Tukacheka, lakini wiki iliyofuata tulianza. Neno fupi kila asubuhi, kwanza kwa vikundi vinne, kisha kwa sharika nzima.

Jambo lenyewe si geni hata kidogo. Mwezi Mei 1728, pale Herrnhut, kijiji cha wakimbizi wa imani huko Ujerumani, Nikolaus von Zinzendorf aliwapa waumini neno moja fupi la kwenda nalo siku inayofuata. Ikawa desturi. Ndugu walipangiwa zamu, wakapita nyumba kwa nyumba wakipeleka neno la siku na kuzungumza na wenye nyumba juu yake. Kwa mwaka 1731 maneno hayo yalichapishwa kuwa kitabu, na kitabu cha namna hiyo kinatoka kila mwaka hadi leo, kwa lugha zaidi ya 50. Wenzetu Wamoraviani, ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, wanaijua habari hii kuliko sisi, ingawa Zinzendorf mwenyewe alilelewa katika Ulutheri.

Naomba tumwangalie yule mtu wa zamu. Mtu anayebisha hodi huona mambo. Huona nani bado amelala saa tatu asubuhi, jiko la nani halijawashwa, mtoto yupi hakwenda shule. Simu haioni. Simu inakuletea alama mbili za buluu kwamba ujumbe umesomwa, basi. Sisi tulichukua lile neno la siku tukamwacha mtu wa zamu nyumbani, na hatukugundua kosa mpaka lilipotuumiza.

Niseme lililotupata. Ni miaka mitatu sasa. Mimi ndiye niliyewafundisha makatibu kwamba ombi la maombi likiingia, litumwe kwa kundi lote mara moja, ili wengi waombe. Niliandika hata ubaoni. Usiku mmoja mama wa usharika fulani akamwandikia katibu wake. Alikuwa anaishi na virusi vya UKIMWI. Alikuwa ameacha dawa baada ya kuambiwa kwenye mkutano mmoja wa maombi kwamba amepona, na sasa mwili ulikuwa unamwambia vingine. Aliomba mambo mawili: aombewe, na mchungaji afike nyumbani kwake.

Katibu ana moyo mzuri, na alifanya kama nilivyomfundisha. Jina hakuliweka. Aliandika tu kwamba ni mama anayeuza maandazi karibu na stendi. Ndugu zangu, mji wetu una stendi moja. Kufika mchana ujumbe ule ulikuwa umepita kwenye kundi la kwaya, kundi la kamati ya harusi, na makundi ya watu tusiowajua mpaka leo. Siku tatu yule mama hakuuza andazi hata moja. Mwanawe aliulizwa shuleni mbele ya wenzake.

Shemasi wetu alikwenda kwa miguu. Mara ya kwanza mlango haukufunguliwa. Mara ya pili alijibiwa kutoka ndani. Mara ya tatu akapewa kigoda. Swali la kwanza la yule mama halikuhusu ujumbe kusambaa. Aliuliza kama mchungaji yuko safarini. Nilirudi kulisoma lile kundi baadaye. Lilikuwa na watu 214. Wengi walijibu "Amina", wengine wakaweka ile picha ya mikono miwili iliyounganishwa. Kati yao wote hakuna aliyekwenda, na mchungaji naye, aliponiambia kwa uchungu, alidhani katibu ameshakwenda.

Shemasi alimsindikiza kliniki na akarudi kwenye dawa. Usharikani kwetu hakurudi. Anaabudu kwingine, na anaendelea vizuri. Ameniruhusu nisimulie habari hii, pamoja na kuchapishwa, na mambo mawili nimeyabadilisha asitambulike. Hakutushtaki, ingawa angeweza. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kutoa siri ya hali ya mtu bila ridhaa yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Lakini sikuwaita hapa niwatishe kwa sheria. Mchungaji akitoa siri aliyoambiwa faraghani tunajua tutamwitaje. Katibu mwenye simu ya usharika amekaa kwenye kiti kile kile, ila hakuna aliyemwekea mikono wala kumwapisha.

Baada ya hapo tulisimamisha kila kitu kwa miezi miwili. Baadhi ya wazee walitaka tufunge kabisa, na sikuwalaumu. Tulipoanza tena tulianza na utaratibu, nao ni huu. Usharika una namba yake, si namba ya katibu binafsi, kwa sababu katibu akihama au simu yake ikichukuliwa na mtoto, siri za watu zinahama pamoja naye. Simu hiyo inashikwa na watu wawili kwa zamu, na mmoja lazima awe mwanamke, maana yako mambo ambayo mama hatamwandikia baba hata iweje. Ombi linaloingia halitoki. Aliyepokea anajibu siku hiyo hiyo, na jibu lake la kwanza ni swali: ungependa nani ajue? Mwingine anajibu "mchungaji tu". Mwingine anataka kanisa zima litangaziwe, hiyo ni haki yake. Wako wanaojibu kwamba hawataki mtu yeyote ajue, walitaka tu kumwandikia mtu. Kisha inaandikwa kwenye daftari nani atakwenda na lini, na Jumatatu mchungaji anakagua safu ya "lini" kabla ya kitu kingine chochote. Safu ikiwa tupu, tunaulizana.

Kundi kubwa la asubuhi tumelifunga, yaani wanaoweza kuandika ni viongozi tu. Watu wamelalamika kwamba kanisa limewaziba midomo. Nakiri kundi limepoa. Zamani lilikuwa na vituko, picha za maua, habari za minada ya sadaka na nani amenunua jogoo kwa bei gani. Mimi mwenyewe nilikuwa nafurahia. Lakini nikipima jogoo na yule mama, sina la kujadili.

Sasa juu ya kuandika kwenyewe, maana hapa ndipo tunapochosha watu. Jumbe nyingi tunazotuma zimeokotwa. Mtu amezipata kwenye kundi jingine, za mhubiri asiyejulikana, ndefu kama barua ya benki, na mwishoni zinaagiza zitumwe kwa watu kumi ili baraka isipotee. Huo si uinjilisti, ni hirizi.

Martin Luther alikuwa na kinyozi wake, jina lake Peter. Kinyozi huyu alimwomba amfundishe namna ya kuomba. Luther akamwandikia kijitabu, kikachapishwa mwaka 1535, kikionyesha jinsi ya kuchukua Baba Yetu na Amri Kumi na kuviomba kipande kwa kipande. Alikuwa anamjibu mtu mmoja mwenye wembe mkononi, na kijitabu hicho kinasomwa hadi leo. Na kuna sehemu ya pili ambayo wengi hawaisimulii. Mwaka huo huo, mezani, Peter alimchoma kisu mkwewe akafa. Luther hakusema kwamba ameshamwandikia kijitabu, yaliyobaki ni yake. Alimtetea, na Peter akahukumiwa kuhama mji badala ya kuuawa. Aliyeandika ndiye aliyefuatilia.

Kwa hiyo unapoandika ujumbe wa asubuhi, mfikirie mtu mmoja unayemjua. Mfikirie dereva wa bodaboda aliyeko kijiweni saa kumi na mbili, au bibi anayelea wajukuu watano. Somo moja, wazo moja, sala ya sentensi mbili. Ukiona unaandika "kwanza, pili, tatu", hayo ni mahubiri, yaweke Jumapili. Ujumbe uende kabla watu hawajatoka kwenda shambani. Uliofika saa nne unasomwa usiku, kama unasomwa.

Aidha, tusisahau kwamba waumini wengi, hasa mitaa ya milimani, wana simu za kitochi. Hao hawapo kwenye makundi yetu, na mara nyingi ndio wazee na wajane. Kwao tunatuma ujumbe mfupi wa kawaida. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160, pamoja na nafasi zilizo wazi, ukizidisha unalipia wa pili. Ni shule nzuri. Wachungaji wawili hapa wameniambia herufi 160 zimewafundisha kuliko walimu wao wa homiletiki, sitawataja. Wenye simu kubwa wasioweza kusoma tunawarekodia sauti, dakika moja na nusu, kwa lugha ya nyumbani inapobidi. Video tumeacha. Zinamaliza bando la mtu, na bando ni pesa ya chumvi.

Juu ya fedha nina msimamo mkali na najua hatukubaliani wote. Namba inayotuma Neno isiombe mchango. Hata wa paa. Watu wetu wameshaibiwa sana na jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii", na wameshaombwa sana "sadaka ya mbegu" na watu wanaojiita mitume. Siku namba yetu itakapotaja fedha, hawatatutofautisha na hao. Ahadi na michango vitangazwe kanisani, mhasibu akiwepo na stakabadhi ikitolewa.

Nigusie pia kwamba chombo chochote si chetu. Wazee wetu wanakumbuka redio ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani iliyoanza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa mwaka 1963, na studio ya Sauti ya Injili pale Moshi ikitayarisha vipindi vya Kiswahili. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliichukua ile stesheni. Mitambo ilikwenda, na watu wa Moshi waliojua kutengeneza vipindi walibaki na ujuzi wao. Makundi yetu ya simu yako kwenye kampuni ya ng'ambo ambayo inaweza kubadili masharti kesho. Kwa hiyo orodha ya namba, majina na mitaa iwe pia kwenye daftari la karatasi, ndani ya kabati lenye kufuli. Na yule mtu wa zamu awe anaijua njia ya kwenda kwa miguu.

Muda wangu umekwisha, na chai naiona inaingia. Kabla ya chai naomba tujigawe watu wanne wanne, mchungaji asikae na mchungaji mwenzake. Kila kundi liandike ujumbe wa kesho asubuhi, herufi 160, kwa mtu mmoja mnayemjua wote. Halafu mwandike chini yake nani kati yenu atapita kwake wiki hii, na siku gani. Karatasi nitazikusanya mimi.