Kutoka Futari Hadi Daku: Chakula Chetu Kisiende Jaani

Bismillahi Rahmani Rahim.



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.) aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, huenda mtu akauliza: kijana na mambo ya jiko wapi na wapi? Mbona asizungumze taraweh au Lailatul Qadr? Jawabu ni kuwa jiko ndilo linalokula wakati wetu mwingi wa Ramadhan, na pesa zetu nyingi, halafu asubuhi sehemu ya tulichokihangaikia yaenda jaani. Wala haya si mambo ya kina mama peke yao. Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Hadithi hii iko katika Bukhari. Basi barobaro uliyekaa barazani ukingoja adhana, maneno haya ni yako pia.

ISRAFU KATIKA SINIA

Katika Suratul A'raf, aya ya 31, Mola wetu ametupa ruhusa ya kula na kunywa, na papo hapo akatukataza israfu. Sasa tutazame sinia zetu. Sambusa, bajia, viazi vya karai, kaimati, mkate wa sinia, mbaazi za nazi, muhogo, tambi, na wali juu yake, vyote usiku mmoja! Mtu akishafungua kwa tende na maji, akanywa bakuli la uji, tumbo limejaa. Vilivyobaki vyatazamana.

Na pesa hizo zatoka wapi? Zatoka kwa mzee aliyeshinda kwenye kibarua Changamwe na saumu yake, au mama mwenye kibanda Likoni. Tena mwezi huu bei ya tungule na ndimu hupanda hata pale Kongowea, soko kubwa. Ushauri wangu ni mwepesi: kila siku kitu kimoja cha kukaanga, kimoja cha nazi, na uji. Leo sambusa, kesho bajia. Watoto hawatakosa kitu, na mama atapata nusu saa ya kusoma juzuu yake kabla ya magharibi.

HESABU YA MASAA

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, manake ndipo penye madhara. Chakula kikiiva saa kumi na moja jioni, na daku tukala saa kumi usiku, hayo ni masaa 11. Mji wetu ni wa joto, usiku na mchana. Wataalamu wasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili, kwani vijidudu huzaana upesi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za joto.

Wali ndio wa kuuangalia zaidi. Mchele huwa na vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa nje, mbegu zile huamka, zikazaana na kutoa sumu. Ukiupasha moto wakati wa daku, vijidudu vyafa lakini sumu yabaki. Huo ndio wali unaomtapisha mtu kabla ya alfajiri, naye akadhani ni jicho la watu! Asubuhi saumu yamshinda, na deni la kulipa limemkaa shingoni.

Mwenye friji, autandaze wali katika sinia pana upoe upesi, autie katika vyombo vidogo vyenye vifuniko, na ndani ya masaa mawili uwe ndani ya friji. Usiingize sufuria zima la moto, katikati yake litabaki na joto usiku kucha. Ukitoa, pasha mpaka uchemke moshi, na mara moja tu.

ASIYE NA FRIJI

Wengi wetu Kisauni na Likoni hatuna friji, na si aibu. Wazee wetu waliishi bila friji na walijua la kufanya. Pima: pika wali wa futari uishe kwenye futari. Kwa daku, tayarisha vitu vikavu au vya kupikwa papo kwa papo. Mahamri na chapati hulala usiku mmoja bila taabu zikifunikwa vizuri. Mayai huchemka kwa dakika kumi. Pojo zikirowekwa tangu alasiri hupikika upesi. Samaki wa ng'onda, aliyetiwa chumvi na kuanikwa jua mpaka akauka, hukaa siku nyingi, ila mroweke kwanza chumvi ipungue, usije ukashinda na kiu.

Chakula cha tui ndicho cha kwanza kuchacha. Kwa hivyo mbaazi au muhogo ukipikwa kwa nazi, pika kipimo cha kuliwa usiku ule ule. Na tusisahau kawa. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kufunika vyombo wakati wa usiku, na hadithi yake iko katika Bukhari na Muslim. Leo twajua nzi na mende wabeba nini miguuni. Funika chakula, ni sunna na ni afya.

SAMAKI, UNGA NA MAFUTA

Samaki mnunue mwisho, baada ya mahitaji mengine. Ukimtoa mjini na foleni ya feri ya Likoni ni ndefu, beba chombo chenye barafu. Jodari na nguru wakikaa joto hutengeneza kitu kinachowasha mwili na kuwekundisha uso, na kitu hicho hakiondoki kwa kupikwa wala kwa ndimu.

Unga na mahindi, weka pakavu, juu ya mbao, mbali na ukuta. Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua hapa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, na 125 wakafariki, wengi wao upande wa Makueni na Kitui. Sumu ile haifi kwa moto. Mahindi au njugu zilizoota kuvu usizile, wala usimpe jirani.

Mafuta ya kukaangia, yachuje yakipoa na uyafunike. Yakiwa meusi, yana harufu au yatoa povu jingi, yamemaliza kazi yake.

KUTAYARISHA MAPEMA

Mwenye sehemu ya barafu katika friji ana nafasi ya kupumzika. Sambusa zaweza kufungwa kabla ya Ramadhan. Nyama ipikwe ikauke, ipoe kabisa, ndipo ufunge. Zipange katika sinia zigande kwanza, kisha utie katika kopo lenye kifuniko, hazitashikana. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, kopo ni bora.) Siku ya kukaanga usiziyeyushe, tia moja kwa moja katika mafuta yenye moto wa wastani. Thomu na tangawizi zilizotwangwa, na tui zito, vigandishwe katika vipande vidogo vya kutosha mchuzi mmoja.

Stima ikipotea, usifungue mlango! Friji lililofungwa huhifadhi baridi kama masaa manne. Sehemu ya barafu iliyojaa yafika masaa 48, na iliyo nusu masaa 24. Ukifungua kila dakika kutazama, hesabu hiyo yaharibika.

BADILISHA KIDOGO TU

Nyama ikiwa ghali, sambusa ya dengu, au ya kabichi iliyokatwa nyembamba na nyama kidogo, ni tamu vile vile ukiitia pilipili na ndimu. Uji wa wimbi, badala ya sukari roweka tende, ziponde, uzichanganye, halafu tui kidogo na iliki. Mahamri kanda kwa tui badala ya maziwa. Kaimati usizimwagie shira zote, mwagia zinazoliwa tu, zilizobaki zisilainike. Badala ya maji ya rangi ya paketi, tengeneza ya ukwaju.

FUNGU LA JIRANI

Ndugu zangu, kuhifadhi si kulimbikiza. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) kuwa akipika mchuzi azidishe maji na awakumbuke majirani zake, kama ilivyo katika Muslim. Lakini tazameni adabu yake: fungu la jirani latoka chunguni wakati wa kupika, si mabaki ya saa tano usiku tuliyoyachoka. Toa sahani yake kabla ya adhana, kingali cha moto, umpe mtoto apeleke. Pengine ndani ya nyumba ile yuko mjane ambaye futari yake leo ni maji matupu. Ukifanya hivyo umepata ujira wa kumfuturisha aliyefunga, na chakula hakina tena safari ya jaani.

Tukianza usiku huu, kila nyumba ipime chungu chake. Kilichozidi kiwe na mwenyewe kabla hakijaharibika.

Ewe Mola wetu, tutakabalie saumu zetu, uwape nguvu mama zetu walio mbele ya moto, na utujaalie tuwe wenye kushukuru neema Zako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.