Fedha za Wengi Zisikae kwa Jina la Mmoja
(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wanajumuiya, Manchester)

Nimetoka zamu ya usiku, kwa hiyo mkiniona napiga miayo msidhani nimewachoka.

Nimeombwa nieleze namna ya kuanzisha ushirika na kuusajili. Wengi mnajua mada hii imetokea wapi, na wengine hampendi itajwe. Mniwie radhi, nitaitaja.

Kwa miaka sita tulikuwa tukichanga fedha za kukodi kontena la kupeleka mizigo nyumbani. Fedha zilikaa kwenye akaunti ya mweka hazina wetu, kwa jina lake, na hakuna aliyepoteza hata senti moja. Akafariki ghafla. Siku hiyo akaunti ilikuwa na pauni 6,300 zetu. Benki ilipopata taarifa ikaifunga, kama inavyofanya kwa marehemu yeyote. Kwa benki zile zilikuwa fedha zake, yaani mirathi, mpaka sisi tuthibitishe vingine. Na ushahidi wetu ulikuwa daftari moja na meseji za simu.

Tulimzika Jumamosi. Jumatatu wapo waliompigia simu mjane kumdai. Fedha tulizipata zote, baada ya miezi minane. Lakini shemeji yetu hajakanyaga mkutano huu tena mpaka leo. Hiyo ndiyo hasara, na hakuna benki itakayoturudishia.

Nikipendekeza usajili naambiwa, "Dada, kwani hatuaminiani?" Jamani, wodini kwangu dawa kali kama mofini hutolewa kabatini na watu wawili, na wote wawili hutia saini kwenye daftari. Mwenzangu hajawahi kuniambia namtukana. Saini ya pili inamlinda mgonjwa, na inanilinda mimi siku vidonge vikipungua. Marehemu wetu alikuwa mwaminifu. Sisi ndio tuliomwacha bila ulinzi, yeye na mkewe.

Najua pia neno ushirika linawachefua baadhi ya wazee. Mnakumbuka vyama vikuu vilivyovunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Lakini ushirika haukuzaliwa na serikali. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na KNCU yao tangu 1933. Na hapa jirani, Rochdale, mwaka 1844 watu 28, wengi wao mafundi na wafanyakazi wa kawaida, walichanga pauni moja moja wakafungua duka la unga, siagi na sukari. Hawakuwa matajiri kutuzidi.

Sasa utaratibu. Hapa Uingereza sheria inayohusika ni ya vyama vya ushirika na vyama vya manufaa ya jamii, ya mwaka 2014, na msajili ni Mamlaka ya Usimamizi wa Fedha, FCA. Wanachama watatu na katibu wanatosha kutia saini maombi. Kazi kubwa ni kuandika masharti ya chama: jina, madhumuni, anwani, nani anaingia na anatokaje, mikutano, kura, kamati, hisa, ukaguzi wa hesabu na faida inakwenda wapi. Si lazima tuanze na karatasi tupu. Yapo masharti ya mfano, kwa mfano ya Co-operatives UK.

Chama kikisajiliwa kinakuwa mtu mbele ya sheria. Kinafungua akaunti kwa jina lake, kinakodi kontena kwa jina lake, na mweka hazina akifa chama hakifi. Kura ni moja kwa kila mwanachama, mwenye hisa moja na mwenye hisa mia. Na sheria inamruhusu mwanachama kuandika jina la mtu wa kupewa fungu lake akifariki, hadi pauni 5,000. Laiti tungekuwa nayo wakati ule.

Tusidanganyane, kazi ipo. Kila mwaka lazima tupeleke taarifa na hesabu kwa FCA ndani ya miezi saba baada ya mwaka wetu wa fedha kuisha. Asiyependa kuandika risiti asigombee uongozi. Na tukitaka kuwekeana akiba na kukopeshana, hiyo ni SACCOS. Hapa ina sheria yake ya mwaka 1979 na kibali chake, tena kigumu zaidi. Tuanze na kontena.

Kwa ndugu mtakaoisoma hotuba hii mkiwa Tanzania Bara, kwenu inatumika Sheria Na. 6 ya mwaka 2013, chini ya Mrajis na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. SACCOS inataka watu wasiopungua 20, na inahitaji pia leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Sheria ni tofauti, lakini ugonjwa ni ule ule: fedha za wengi kwenye jina la mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, naomba leo tuchague watu watano waandike rasimu ya masharti, tuisome wote, ndipo tupige kura. Na kabla ya hapo, wawili wetu waende kwa shemeji. Wasiende na fomu. Waende kumwomba radhi, wamwambie kiti chake kipo. Mimi nitakuwa mmoja wao.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Naomba kuwasilisha.