Nafasi Chache, Waombaji Wengi: Haki Katika Uhamisho wa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu



Tangu Chuo Kikuu cha Taita Taveta kipewe hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016, Voi imepokea vijana kutoka kila pembe ya nchi. Wapo pia wanaotaka kutuhama, na wa kwetu waliopangwa mbali wanaotaka kurudi nyumbani. Hao ndio ninaowasemea leo.

Anayepangiwa chuo na KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni, akitaka kuhama, huomba dirisha la uhamisho likifunguliwa. Sharti awe alifikisha pointi za klasta, yaani kundi la masomo ya kozi anayoitaka, kisha vyuo vyote viwili viridhie. Sharti hilo la pointi nalitetea kwa moyo wote. Bila hilo, uhandisi na udaktari vingeingiwa kwa mlango wa nyuma.

Lakini tuitazame hesabu yenyewe, ile ambayo walimu huwafanyia wanafunzi shuleni. Mwanafunzi ana pointi 40 kati ya 48 katika masomo manne ya klasta, na 66 kati ya 84 katika masomo yake saba. Anapata 38.840. Mwenzake ana 40 zilezile, ila kwa jumla ana 67: anapata 39.133. Fizikia yao ni sawa, Hisabati ni sawa. Kilichowatenganisha ni gredi moja ya somo lililo nje ya klasta, na kozi ikikata katikati yao, mmoja amefungiwa nje hata akiongoza darasa lake mwaka wa kwanza.

Na waliofikisha pointi je? Hapo ndipo penye kiza. Maabara ina meza zake na idara ina walimu wake, kwa hiyo kukataliwa kwa kukosa nafasi ni sababu halali. Kisicho halali ni kumjibu kijana kwamba nafasi zimejaa ilhali hakuna aliyetangaza zilikuwa ngapi, wala zilijazwa kwa utaratibu gani. Mwenye mjomba Nairobi atatuma mtu ofisini aulizie. Mtoto wa mama auzaye ndizi sokoni Taveta atakaa saiba akisubiri ukurasa ufunguke.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kijana huyo haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapomwathiri vibaya, na Sheria ya Haki katika Uamuzi wa Kiutawala ya mwaka 2015 ikaifafanua haki hiyo. Barua ya kueleza sababu ni deni letu kwake.

Kwa hiyo napendekeza kila idara itangaze nafasi zake kabla dirisha halijafunguliwa. Waliofikisha pointi wapangwe kwa matokeo ya mwaka wa kwanza, maana huo ndio ushahidi mpya tulio nao. Anayekataliwa aandikiwe sababu, naye apewe siku za kukata rufaa kabla muhula haujaanza. Seneti ya chuo inaweza kuyajadili haya katika kikao chake kijacho.