Kokoto ya Kumi: Mchezo wa Nje kama Somo la Kwanza
Mhadhara wa umma

Hao watoto wanaokimbizana huko nyuma ya ukumbi, naomba waachwe. Wanaifundisha mada yangu vizuri kuliko mimi.

Nianze na kishimo. Hakizidi upana wa bakuli. Kimechimbwa kwa kijiti kwenye mchanga, chini ya mwembe, na ndani yake mna kokoto kumi. Msichana wa miaka saba hivi amechuchumaa kando. Anarusha jiwe juu, na kabla halijashuka anazikomba kokoto zote kwa kiganja, kisha analidaka. Anarusha tena, safari hii lazima azirudishe shimoni zote isipokuwa moja. Akimaliza moja moja anaingia mbili mbili, halafu tatu tatu, na hapo anagundua jambo: kumi haigawiki kwa tatu. Kokoto moja inabaki peke yake, na lazima wakubaliane itahesabiwaje. Akikosea, hahitaji mwalimu wa kumwambia. Wenzake watatu wamemkodolea macho, na kila mmoja ameshahesabu.

Huo ni mdako, na wengi humu ndani mliucheza. Lakini siku ile mimi nilimtazama zaidi mdogo wa msichana huyo, mtoto wa miaka minne, ambaye bado haruhusiwi kurusha. Kazi yake ilikuwa kuokota kokoto zilizotapakaa na kuhakikisha zimetimia kumi. Alihesabu, akapata tisa. Akahesabu tena. Tisa. Akaanza kutafuta.

Ninachotaka kusema jioni hii ni kifupi. Tumezoea kuuita mchezo wa nje mapumziko, yaani kile kinachobaki kusoma kukiisha. Kwa mtoto aliye chini ya miaka minane, mimi nauita somo. Nao unadai vitu vitatu tu: mahali, muda, na mtu mzima aliye karibu anayejua kunyamaza.

Tuutazame mwili kwanza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa miaka mitatu au minne anatakiwa kuushughulisha mwili kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku, na kati ya hizo 60 ziwe za kumtoa jasho kidogo. Muda wa kukaa mbele ya televisheni au simu usizidi saa moja. Saa tatu za kujongea huzipati sebuleni kwenye meza ya kioo na bibi aliyelala. Uani zinatimia bila mtu kuangalia saa.

Kisha macho. Huko Guangzhou, China, watafiti walizichukua shule 12 za msingi na kuzigawa mafungu mawili. Fungu moja liliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Jingine liliachwa na ratiba yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, katika fungu lililotolewa nje, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, katika fungu la pili walikuwa asilimia 39.5. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mwanga mkali wa mchana huichochea retina kutoa dopamini, na dopamini huzuia jicho lisirefuke kupita kiasi. Mwanga huo sisi tunao bure, na tunawafungia watoto ndani wasiupate.

Sasa nafsi. Chukueni kombolela. Mmoja anafumba macho na kulinda kopo, wengine wanajificha. Wakishakamatwa watatu au wanne, tumaini lao ni yule mmoja aliyebaki mafichoni: akilifikia kopo na kulipiga teke, wote wamekombolewa. Mtoto wa miaka sita aliye nyuma ya pipa la maji anasikia mapigo ya moyo wake. Anatamani kutoka. Anajizuia, anasubiri mlinzi ageuke. Huko kujizuia na kusubiri ndiko tunakokulilia darasani, na pale hakuna aliyemwamuru.

Najua swali linalokuja: na hatari je? Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Siwaambii mkagawe wembe. Mwaka 2007 mtafiti wa Norway, Ellen Sandseter, aliainisha michezo ya kuthubutu ambayo watoto huitafuta wenyewe: kupanda juu, kwenda kasi, kushika zana kali, kuwa karibu na moto au maji, mieleka ya utani, na kupotea kidogo machoni pa wakubwa. Orodha hiyo ingeweza kuandikwa Tanga au Lamu. Mtoto aliye juu ya mpera anaupima mguu wake na tawi. Hofu inamfundisha pa kuishia. Lakini shimo la karo lisilo na kifuniko halimpi nafasi ya kupima chochote. Basi kazi ya mtu mzima ni kuiondoa hatari ambayo mtoto haioni, na kumwachia ile anayoweza kuipima. Fukieni shimo, okoteni vyupa, mpeni viatu na dawa ya minyoo, anawe mikono. Mti uacheni.

Tatizo letu kubwa ni mahali. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 4.36, ya 2022 ikaikuta na milioni 5.38. Watu milioni moja zaidi katika miaka kumi wanahitaji kulala mahali, na kiwanja cha watoto ndicho kinachojengwa kwanza. Na palipobaki nafasi, tunapaharibu wenyewe. Niliwahi kuitembelea shule moja ya awali ambayo uwanja wake wote ulikuwa umesakafiwa kwa saruji. Pembeni palikuwa na bembea mbili, zimefungwa kwa mnyororo na kufuli. Nikauliza kwa nini. Nikajibiwa: zisiharibike kabla ya siku ya wazazi.

Siwalaumu walimu peke yao. Mzazi anayelipa ada hutaka kuona daftari lililojaa. Suruali iliyojaa mchanga humfanya apige simu kulalamika. Hata hivyo, Desemba 2021 Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu mimba hadi miaka minane, na fursa za ujifunzaji wa awali ni mojawapo ya nguzo zake tano. Nguzo hiyo haihitaji vifaa vya kuagizwa ng'ambo. Inahitaji lori moja la mchanga, kivuli, makopo, kamba, na ratiba inayomtoa mtoto nje asubuhi akili ingali mbichi, badala ya dakika kumi za mapumziko ya uji.

Kwa wanafunzi wangu mnaokwenda mafunzoni kwa vitendo, nawapa zoezi moja. Kaeni uani nusu saa, mkitazama, bila kusahihisha. Andikeni kila hesabu, kila ugomvi na jinsi ulivyoisha. Mtarudi na maandalio ya somo ya wiki nzima.

Na yule mtoto wa miaka minne? Alitafuta kwenye nyasi, akainua majani ya mwembe, akachungulia tena shimoni. Nilikuwa nimeiona kokoto na ulimi uliniwasha, lakini nilikaa kimya. Mwishowe akasimama mbele ya dada yake na kumwambia, "Inua mguu."

Ilikuwa hapo.