Jeraha Si Mwisho wa Kazi

Askari aliyepoteza mguu vitani hakupoteza akili, mikono wala utii wake. Kwa kutambua hayo, tarehe 20 Januari 2007 Rwanda ilitoa sheria mbili: moja ya kuwalinda watu wenye ulemavu kwa jumla, nyingine ya kuwalinda wapiganaji wa zamani waliolemaa. Ile ya kwanza iliagiza kwamba waombaji kazi wakilingana kwa alama, mwenye ulemavu atangulizwe.

Lakini haki ina mlango, na mlangoni huulizwa cheti. Daktari hupima kiungo kilichopotea; hapimi ufundi uliobaki. Basi mwandikishaji, awe Kabeza karibu na Kanombe au kwingineko, asiishie kwenye cheti. Aulize pia: ndugu huyu aweza kazi gani? Jeshi halimwachi majeruhi uwanjani. Taifa nalo lisimwache kwenye foleni.